Wiki ya Vipete

Daktari Tsiala alinipachika vipete vinne vya mpira,
vya buluu, vidogo, katikati ya magego.
Vitapanua njia, alisema, chuma kipate pa kupita.
Jumanne ijayo, saa nne asubuhi. Usichelewe.
Siku nzima nilijiona kama mtu aliyekula nyama
na unyuzi wake ukakataa kutoka.

Nina miaka arobaini na minne.
Nakata tiketi stesheni ya Kutaisi, dirisha la pili,
na kwa miaka kumi na tisa nimewaambia watu
safari njema, mkono mdomoni.
Abiria hudhani nakohoa.
Wengine huniombea afya.

Eteri wa dirisha la kwanza ameuliza:
nyaya za meno, kwa umri huo? Nani atakutazama?
Mimi, Eteri. Kioo cha bafuni ni changu,
nimekilipia.
(Na vyuma nimevilipia, nusu.
Nusu ya pili kwa miezi kumi na minane,
bega kwa bega na bili ya gesi.)

Binti yangu Nutsa alivaa, akavua, sasa ni mwalimu.
Kanipangia juu ya sinki:
nta ya kufunika pale chuma kitakapokwaruza shavu,
mswaki mwembamba wa kupita palipo pembamba,
vidonge viwili vya maumivu, kimoja kabla ya kutoka.
Kapika supu, kaigandisha kwenye makopo.
Siku ya kwanza usicheke, mama.
Ya pili cheka tu, hata ikiuma.

Lakini Mwaka Mpya uko njiani, na gozinaki,
kashata yetu ya kokwa za jozi na asali,
ngumu kama neno la mkwe.
Jumapili usiku niliipika, wiki tatu kabla ya siku yake,
nikaila gizani, nimesimama, kama mwizi jikoni kwake.
Kipande cha tatu kiling'oa kipete.
Nikakimeza.

Tsiala alicheka hadi barakoa ikamshuka.
Kitatoka chenyewe, usikisubiri. Kaa, nikupe kingine.
Akageuka kutafuta koleo,
ndipo nikakiona mezani:
kinywa changu cha plasta, cheupe, wazi,
kimekaa bila mimi.

Sikuwahi kuyaona meno yangu kwa upande huo.
Hapo juu, kushoto, chonge limempanda jirani yake
kama mtoto anayechungulia begani kwa mwenzake.
Nikalijua.
Halikuwa langu.
Lilikuwa la baba, Vazha fundi cherehani,
aliyeacha mkasi ukilala mezani
akakata kila uzi kwa jino hilo,
suruali za harusi, makoti ya shule, sketi za walimu,
tak, tak, mpaka mama akipita anamwambia
utabaki kibogoyo, Vazha.
Hakubaki kibogoyo. Alikwenda nayo yote.

Kaburini amechorwa kwenye jiwe jeusi,
tai imenyooka, midomo imefungwa.
Mchongaji alimwonea haya kwa niaba yake.

Daktari, hili nalo litashuka?
Hilo ndilo la kwanza, akasema kwa furaha ya fundi.
Miezi sita, litakuwa kwenye mstari.
Nikanyamaza. Mdomo jumba la maneno,
na langu lilikuwa limejaa pamba.
Alipoitoa nikaomba:
mkimaliza na hiyo plasta, msiitupe.
Akaifunga kwenye gazeti, kama yai,
akaandika jina langu. Utaichukua siku ya mwisho.

Leo ni Jumanne.
Nimepiga mswaki mara mbili, nimemeza kidonge.
Kifungo cha koti kilikuwa kinaning'inia tangu Oktoba;
nikakaa kitandani, nikakishona,
nikafunga fundo.
Mkasi ulikuwapo, karibu na goti.

Nutsa anaita kutoka ngazini, teksi imefika.
Nakuja, nakuja,
nikauinamia uzi,
tak.